Braketi ya Springi katika Kiti cha Kubembea
Hotuba iliyosomwa na fundi seremala wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imenipa nafasi niseme mbele yenu juu ya viti vinne vya kubembea vilivyomo katika baraza ya wazee. Najua ya kuwa katika mkutano kama huu watu hungoja kusikia hesabu za fedha, habari za mazishi, na majina ya watoto watakaosaidiwa karo. Hawaji kusikiliza mambo ya skrubu. Lakini katika karatasi mliyopewa mlangoni liko azimio la nne, lisemalo kwamba viti hivyo viondolewe, mbao zake zifanywe kuni na vyuma vyake viuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nimeomba ruhusa ya kulipinga azimio hilo kabla halijapigiwa kura, na siwezi kulipinga kwa haki bila ya kuwaeleza kitu kidogo cha chuma ambacho wengi wenu hamjapata kukitazama, kwa sababu kimefichwa chini ya kiti.

Mnakumbuka yaliyompata mama yetu, mjane wa mmoja wa waasisi wa chama hiki. Alikuwa ameketi katika kiti cha pili kutoka dirishani. Alipoitwa kunywa chai aliinama mbele ili ainuke, kama afanyavyo mtu mzima yeyote mwenye magoti mabovu, akajisukuma kwa mikono yote miwili. Mara upande wa kulia wa kiti ukang'oka nyuma, kiti kikapinda, kikateleza kutoka juu ya kitako chake, naye akaanguka chini akavunjika mfupa wa mkono. Mkono umeunga, twamshukuru Mungu, ila vidole viwili bado havikunji vyema, na yeye ndiye aliyekuwa akitushonea sare za kwaya. Basi si ajabu kwamba Halmashauri iliona viti hivyo ni hatari. Mimi pia ningaliona hivyo, kama nisingalikipindua kiti nikatazama tumboni mwake.

Kwanza yafaa tujue ni kiti cha namna gani. Kiti cha kubembea cha kawaida kina matao mawili ya mbao chini ya miguu, na matao hayo hukanyaga sakafu yenyewe. Viti vyetu ni vya aina nyingine. Matao yapo, lakini hayagusi sakafu. Hubembea juu ya kitako kizito cha mbao ambacho hakiendi popote. Na ili kiti kisiteleze wala kisiruke kutoka juu ya kitako, kila upande zimefungwa springi mbili fupi, nene, zilizosimama wima kama vidole viwili. Wazee wa pwani springi huiita kamani. Ncha za juu za springi hizo hushikwa na bamba la chuma lililofungwa ubavuni mwa tao. Ncha za chini hushikwa na bamba jingine lililofungwa ubavuni mwa kitako. Mabamba hayo mawili pamoja na vikombe vyake vya kupokea springi ndiyo mafundi huyaita braketi. Kila kiti kina braketi mbili, ya kulia na ya kushoto. Ukiziondoa, huna kiti tena. Una mbao mbili zilizolaliana.

Aina hii ya kiti ilizaliwa Marekani. Watu hupenda kusema kwamba kiti cha kubembea kilibuniwa na Benjamin Franklin, lakini hilo ni hadithi tu, maana viti vya namna hiyo vilikuwapo bila ya yeye kuvibuni. Kadiri watu wa huko walivyozidi kuwa na vyumba vya kupokelea wageni vyenye mazulia ya thamani, ndivyo walivyozidi kulalamika juu ya kiti chenye matao marefu: kilikuwa kikitambaa sakafuni polepole kila mtu akibembea, kikila zulia, kikigonga ukuta, na kukanyaga vidole vya miguu ya watoto. Wakati huohuo wabunifu walikuwa wameanza kutia chuma chenye kunyumbuka katika viti. Mwaka 1849 Thomas E. Warren alipata hataza ya kiti kilichosimama juu ya springi bapa za chuma, kikatengenezwa na kampuni ya viti ya mji wa Troy, jimbo la New York, na mwaka 1851 kikaonyeshwa katika yale Maonyesho Makuu ya London. Hata wale Washaker, watu wa dini walioishi maisha ya unyofu na kuchukia mapambo, walipata mwaka 1852 hataza ya kipande cha chuma cha kutiwa mwisho wa mguu wa kiti, ili mtu aweze kuegemea nyuma bila ya kuvunja mguu wala kutoboa sakafu. Kisha katika miaka ya 1870 na 1880 vikaenea viti vyenye matao juu ya kitako, na hataza nyingi zikaandikwa juu ya namna ya kuunganisha sehemu hizo mbili. George Hunzinger, seremala mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia New York, na aliyefariki mwaka 1898 akiwa na hataza zipatazo ishirini na moja, alikuwa mmojawapo wa mafundi mashuhuri wa viti hivyo.

Nawataja watu hao kwa sababu moja. Kila mmoja wao alijua kuchonga mbao. Ugumu uliowasumbua ulikuwa mahali mbao inapokutana na chuma. Hapo ndipo sisi nasi tumekwama, na hapo ndipo mama yetu alipoangukia.

Mwanachama mmoja aliniuliza juzi kama viti hivi si anasa za wakubwa. Ni kweli kwamba wakubwa wamevikalia. Rais Abraham Lincoln alikuwa ameketi katika kiti cha kubembea siku alipopigwa risasi, tarehe 14 Aprili 1865, na kiti hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Henry Ford huko Dearborn, Michigan. Rais John Kennedy alishauriwa na daktari wake, Janet Travell, atumie kiti cha kubembea mwaka 1955 kwa ajili ya maumivu ya mgongo, naye akavipenda hata akavipeleka Ikulu. Lakini mgongo wa Rais na mgongo wa mama aliyebeba kuni na maji miaka hamsini ni mgongo mmoja. Sioni kwa nini dawa ya mmoja iwe anasa kwa mwingine.

Sasa niruhusuni niingie katika jambo lenyewe. Nitakwenda polepole, na vijana wanaosoma hesabu watanisaidia nikikosea.

Tao la kiti ni kipande cha gurudumu. Nilipokipindua kiti nilivuta uzi kutoka ncha moja ya tao hadi nyingine, nikapata sentimita 60. Kisha nikapima kutoka katikati ya uzi hadi kwenye mgongo wa tao, nikapata sentimita tano na kidogo. Kwa vipimo hivyo viwili mtu aweza kujua ukubwa wa gurudumu zima, hata kama halikuwahi kutengenezwa: nusu kipenyo chake ni sentimita 90 hivi. Maana yake kiti kinabingirika kana kwamba kimebebwa na gurudumu kubwa ambalo kitovu chake kiko sentimita 90 juu ya kitako. Maadamu uzito wa kiti na wa mtu, ukichukuliwa pamoja, uko chini ya kitovu hicho, kiti hurudi chenyewe kila kinapoinama. Uzito ukipanda juu ya kitovu hicho, kiti hakitarudi, kitapinduka. Kwa hiyo nawaomba msirundike mito na magodoro juu ya viti hivi, maana kila mto humwinua mtu na kumkaribisha kwenye mpaka huo.

Tazameni sasa gurudumu la baiskeli linapobingirika taratibu juu ya udongo laini. Ile sehemu ya mpira inayogusa chini, kwa dakika ile inapogusa, karibu haiendi popote: hainyanyuki wala haisogei. Sehemu iliyo mbali na hapo ndiyo inayopanda na kushuka kwa nguvu. Tao la kiti ni vivyo hivyo. Mtu akibembea digrii 10 mbele, kiti kizima husogea mbele kiasi cha sentimita 16; lakini ile nukta ya tao iliyokuwa ikigusa kitako wakati kiti kimetulia, huinuka sentimita moja na nukta nne tu, na kusogea mbele chini ya milimita moja. Akibembea digrii 10 nyuma, huinuka kiasi kilekile. Basi fundi wa kwanza aliyeifunga springi hapo katikati hakuifunga hapo kwa ajili ya sura nzuri. Aliifunga hapo kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo kiti chaweza kwenda mbali na springi isivutike sana.

Je, katika kiti kilichomwangusha mama yetu braketi ilikuwa wapi? Ilikuwa sentimita 15 nyuma ya hapo. Miaka michache iliyopita viti hivi vilipelekwa kutengenezwa mahali fulani, sitapataja, na braketi zikahamishwa. Nami nafahamu kwa nini zilihamishwa, wala sidhani aliyezihamisha alikuwa mjinga au mwizi. Mbao ya katikati ilikuwa imechoka kwa matundu ya skrubu za zamani, haishiki tena. Yule fundi alitafuta mbao nzima isiyo na matundu, akaiona nyuma kidogo, akafunga hapo. Kiti kikasimama imara, hakikulia, kila mtu akafurahi. Mafundi wangapi hapa wangalifanya vingine?

Lakini hesabu haikufurahi. Braketi ikiwa sentimita 15 nyuma, mtu akiinama digrii 10 mbele, ile nukta ya tao haipandi tena sentimita moja na nukta nne. Hupanda karibu sentimita nne. Ni karibu mara tatu. Na ni wakati gani mzee huinama mbele zaidi? Ni wakati wa kuinuka. Basi springi ilikuwa ikivutwa kwa nguvu yake yote katika dakika ileile ambayo mtu anategemea kiti kimsaidie.

Haikuishia hapo. Springi zile za asili zilikuwa zimechoka, zikabadilishwa. Za asili zilikuwa za waya wa milimita 4. Walizotia ni za waya wa milimita 5, kwa upana uleule na idadi ileile ya mizunguko. Kwa macho tofauti ni ndogo, nayo ilionekana ni ukarimu: chuma kinene zaidi kwa bei ileile. Lakini ugumu wa springi hauongezeki kama unene wa waya unavyoongezeka. Unene ukizidishwa mara mbili, ugumu huzidi mara kumi na sita. Kwa kutoka milimita 4 hadi 5, ugumu ulipanda mara mbili na nusu hivi. Ukiuchanganya ugumu huo na ule mvuto wa mara tatu, utapata ya kwamba skrubu za braketi zilikuwa zikivutwa kwa nguvu karibu mara saba ya ile iliyokusudiwa na aliyekibuni kiti. Zilivumilia kwa muda. Kisha zikachoka.

Hapo, Bwana Mwenyekiti, lazima nikiri jambo ambalo halimo katika taarifa ya Halmashauri. Miezi miwili kabla ya ajali, katibu aliniita akaniambia kiti cha pili kinalia. Nilikuja na bisibisi, nikaona skrubu tatu za nyuma zimelegea. Nikatia vijiti vya kiberiti ndani ya matundu, nikazikaza, nikanywa chai, nikaenda zangu. Sikujiuliza kwa nini skrubu tatu zilegee zote kwa pamoja upande mmoja. Kiti kilikuwa kikisema nami, nami nikakifunga mdomo kwa kiberiti. Nimekwisha kwenda kwa mama nikamwambia hivyo, naye alinijibu maneno ambayo ni yangu mimi na yeye.

Basi kazi ya kutengeneza itakuwaje? Kwanza kabisa braketi zirudi katikati, hapana budi. Yale matundu ya zamani tusiyaogope. Njia mbovu ni kuyajaza vijiti, au unga wa mbao na gundi. Njia ya wastani ni kutoboa kila tundu kwa kekee mpaka liwe safi na la mviringo, kisha kutia kizibo cha mvule kwa gundi na kukiacha usiku kucha. Ila nawatahadharisha vijana wanaojifunza useremala: kizibo kilichochongwa kama kijiti, nyuzi zake zikielekea ndani, hakishiki skrubu vizuri, kwa kuwa skrubu huingia kati ya nyuzi badala ya kuzikata. Kizibo kikatwe kutoka ubavuni mwa ubao, ili nyuzi zake zilale sambamba na nyuzi za tao.

Njia iliyo bora kuliko zote, nayo ndiyo niliyoichagua, ni kuacha skrubu. Matao yetu yana unene wa kutosha kupitisha bolti ya milimita 6 kutoka ubavu huu hadi ule, yenye washa pana upande wa pili na nati ya kujifunga isiyolegea kwa kutikisika. Skrubu hushika nyuzi chache za mbao zilizo karibu nayo. Bolti hushika ubao mzima. Na bamba libaki ubavuni, lisifungwe kutoka juu. Likiwa ubavuni, springi inapovuta juu huibana bolti kwa kuikata, na bolti haikatiki kwa nguvu ya mtu. Likifungwa kutoka juu, springi inapovuta huing'oa skrubu moja kwa moja, kama mtu ang'oavyo jino.

Mabamba yenyewe hayana ugumu wowote wa kutengeneza. Kila moja ni chuma laini cha bapa chenye unene wa milimita 3, kilichokunjwa ukingoni, chenye matundu matatu na vikombe viwili. Wahunzi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifua masufuria na majembe kabla wengi wetu hatujazaliwa, hufanya kazi ngumu kuliko hiyo wakizungumza na wateja. Vijana wetu watatu wa darasa la ufundi wamekwisha kufanya manane, na mawili katika hayo yalikataliwa kwa kuwa matundu hayakulingana. Nimewaachia wayatundike ukutani.

Jambo moja msilifanye, wala msimruhusu mtu alifanye mbele yenu. Braketi za asili ni za chuma cha kumimina. Kimevunjika kimoja, na mtu alinishauri kikachomelewe kwa waya wa kawaida wa kulehemu. Chuma cha kumimina hakipendi moto wa ghafla. Hupasuka kando ya mshono, mara nyingine baada ya siku nyingi, mtu akiwa ameketi. Kadhalika springi isipashwe moto ili ikunjwe iingie mahali pake. Springi ni springi kwa sababu ilipewa ugumu wake kiwandani. Ukiiwekea moto wa gesi ikawa nyekundu, ikipoa huwa waya tu. Ikiwa haiingii, basi si yake, tafuta nyingine. Tena zibadilishwe zote nne za kiti kwa siku moja. Springi mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hukifanya kiti kipinde kila kinapobembea, na matao yakaanza kuliana.

Kuna shauri la watoto. Kati ya tao na kitako pana mwanya unaofunguka na kufumba, na mtoto anayecheza sakafuni hujua kuupata. Tumekwisha kuona vidole viwili vilivyobanwa, ingawa havikuvunjika. Nimechonga ubao mwembamba wa kufunika mwanya huo kila upande, unaofungwa kwenye kitako tu, usiguse tao. Sura ya kiti imepungua kidogo, lakini nimeridhika.

Wako waliosema, na mmoja wao ni mzee ninayemheshimu sana, kwamba tuviache vitu vya ugeni. Babu zetu waliketi juu ya vigoda vya miguu mitatu na migongo yao ilikuwa imara. Mzee wangu, kigoda ninakipenda, na ninavichonga. Lakini babu yetu alikalia kigoda chini ya mti, akiinuka alishikwa mkono na wajukuu wanne. Katika baraza yetu siku za juma hakuna wajukuu. Wako mjini kazini, na mlezi ni mmoja kwa wazee kumi na wawili. Kiti kinachomsaidia mtu kuinuka kwa nguvu zake mwenyewe si ugeni kwake. Wengine wamesema tununue viti vipya. Hilo lawezekana, kama Mwekahazina ataniambia fedha zitatoka wapi. Kwa mimi najua ya kuwa bolti, springi na mabamba ya viti vyote vinne hayafiki nusu ya bei ya kiti kimoja kipya cha aina hiyo. Na tena hicho kipya kitakuwa na braketi vilevile, na siku itafika skrubu zake zitalegea.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano huu marekebisho ya azimio la nne. Maneno "viondolewe na kuuzwa" yafutwe. Badala yake iandikwe kwamba viti vinne vitengenezwe na darasa la ufundi chini ya usimamizi wangu. Kwamba braketi za kila kiti zikaguliwe siku ya kwanza ya kila mwezi, nati kwa nati, na mkaguzi atie sahihi katika daftari lililotundikwa kwa katibu. Na kwamba kiti chochote kitakacholia kitolewe barazani siku hiyohiyo, kisirudi mpaka sababu ya kulia kwake imejulikana. Maneno hayo ya mwisho, "sababu imejulikana", naomba yasiondolewe na mtu yeyote kwa ajili ya kufupisha.

Kiti cha pili, kilekile kilichotuletea msiba, nimekwisha kukitengeneza kwa gharama yangu, na kimewekwa nje chini ya mwembe. Juma lililopita tulikifungia magunia mawili ya mchanga ya kilo hamsini kila moja, na vijana wakakibembeza kwa zamu mara elfu mbili, wakihesabu kwa sauti mpaka majirani wakatuma mtu aulize kuna nini. Baadaye nilizikagua nati zote kumi na mbili, hakuna iliyosogea. Wakati wa chai kila atakaye akakijaribu. Mama nilimwalika awe wa kwanza. Amenituma niwaambie kwamba atakikalia kwa furaha, lakini baada ya Bwana Mwekahazina, ambaye kwa uzito anatupita sote, kukikalia kwanza na kuinuka bila ya kushikwa mkono.